Tuweke jina chini ya neno letu

Hotuba niliyoitoa hapa Lubumbashi mbele ya wasemaji na maafisa wa mawasiliano wa makampuni ya migodi, mashirika na ofisi za jimbo, pamoja na wanafunzi na waandishi wa habari. Nimeipanga upya kidogo ili isomeke.

Wazee wetu mlioketi mbele, mabibi na mabwana, wandugu wa kazi, na ninyi wanafunzi mliosimama ukutani kwa kukosa viti, jambo.

Nimealikwa kusema juu ya mawasiliano ya kisasa na maadili yake. Nitaanza mbali kidogo, mwaka 1904, kwa sababu mengi tunayodhani yameletwa na simu yalikwisha kufanywa na kulipiwa kwa jasho la nchi hii kabla mji huu haujajengwa.

Mwaka huo jina la Kongo lilikuwa limechafuka Ulaya. Edmund Morel, aliyekuwa karani wa kampuni ya meli ya Liverpool, alikuwa amechungulia vitabu vya mizigo akaona mpira wa mitini na pembe za ndovu vinatoka Kongo, na bunduki na risasi ndizo zinazorudi. Konsuli wa Uingereza, Roger Casement, alikuwa ametoa ripoti yake juu ya mateso ya watu wa Kongo. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, aliyeishika Kongo kama mali yake, angeweza kujibu kwa kuyakomesha mateso hayo. Alijibu kwa kufungua ofisi ya habari, tena ya siri. Kazi yake ilikuwa kulipa magazeti, kupenyeza makala ambazo msomaji hajui nani ameziagiza, na kuunda kamati zenye majina ya kupendeza ambazo ndani yake hamna watu.

Novemba 1905 ilikuwa zamu ya ripoti ya tume ya uchunguzi aliyoiteua mfalme mwenyewe. Ile tume, kinyume na alivyotarajia, iliona kwamba malalamiko ni ya kweli. Basi kabla ripoti haijatoka, magazeti ya Uingereza yalipokea muhtasari wake kutoka kwa jumuiya iliyojiita ya wamisionari wa Afrika Magharibi. Ebu jiwekeni mahali pa mhariri: ripoti yenyewe ni ndefu, iko kwa Kifaransa, muhtasari ni mfupi, uko kwa Kiingereza, na umeletwa na watu wa Mungu. Wakauchapa. Ndipo ilipojulikana kwamba muhtasari ulikuwa umeoshwa ukabaki mweupe, na kwamba hiyo jumuiya haikuwa na mmisionari hata mmoja.

Marekani nako mfalme alimlipa wakili wa San Francisco, Henry Kowalsky, awashawishi wakubwa wa Washington. Desemba 1906 gazeti moja la New York lilizipata barua zake na kuzichapa siku baada ya siku, pamoja na habari za kumnunua mtumishi wa kamati ya Seneti. Watu ambao hawakuwa wameguswa na habari za Kongo waligutuka waliposoma kwamba wao wenyewe wamenunuliwa. Mwaka 1908 Leopold aliipoteza Kongo yake.

Sasa tazameni mwaka huohuo wa 1906 upande mwingine. Mwandishi wa habari wa zamani, Ivy Lee, aliajiriwa na wenye migodi ya makaa ya mawe kule Marekani wakati wa mgogoro na wafanyakazi. Aliwatumia wahariri tamko fupi. Sentensi yake ya kwanza ilisema kwamba hii si ofisi ya habari ya siri, kazi yetu yote inafanywa waziwazi. Akaahidi kwamba mhariri akitaka kuhakikisha jambo lolote atasaidiwa. Oktoba ya mwaka huo treni ya kampuni ya reli ya Pennsylvania ilitumbukia majini karibu na Atlantic City, wakafa watu zaidi ya 50. Desturi ya wenye reli ilikuwa kufunga midomo na kuwafukuza waandishi. Lee aliwaambia wawaite, wawasafirishe hadi mahali pa ajali, na wawape karatasi inayoeleza kilichotokea.

Na ni Oktoba hiyohiyo ya 1906 ilipoundwa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya migodi ya shaba ya huku kwetu. Wengi wetu babu zetu walikula bukari, yaani ugali, wake, wengine walizikwa kwa gharama yake. Siwezi kupita hapa Lubumbashi nikazungumza habari za makampuni na watu bila kuitaja.

Msimfanye Lee mtakatifu. Aprili 1914 huko Ludlow, Colorado, askari na walinzi wa kampuni waliishambulia kambi ya wachimba makaa waliogoma, wakafa wanaume, wanawake na watoto. Familia ya Rockefeller, iliyokuwa na hisa kubwa katika kampuni hiyo, ikamwita Lee. Akaanza kutoa karatasi za habari, nyingine zikiwa na uongo mtupu. Alipoitwa mbele ya tume na kuulizwa alihakikisha vipi, jibu lake lilikuwa kwamba alipokea maelezo kwa mabwana wa mgodi na hakuyachunguza. Ni mtu yuleyule aliyeahidi uwazi. Kosa lake linatuhusu sana sisi tuliomo humu, kwa sababu wengi wetu hatutungi uongo. Tunaupokea umekwisha chapwa, tunaweka nembo, tunautuma.

Neno langu leo ni moja. Kila kazi ya mawasiliano tunayoifanya iwe inaweza kubeba, mbele ya mtu yeyote, jina la aliyeilipia na jina la aliyehakikisha kwamba ni kweli. Ikiwa haiwezi, tusiifanye. Mengine yote nitakayoyasema ni kulipeleka neno hilo mahali tunapofanyia kazi.

Tuanze na simu zetu. Kila mmoja hapa amewahi kuletewa pendekezo la kufungua kurasa za Facebook zenye majina ya vijana wa Katuba au wa Ruashi wasiokuwepo, wasifu mradi, wamtukane mpinzani, wajaze vikundi vya WhatsApp. Mleta pendekezo huliita mkakati wa kidijitali na bei yake huwa nafuu. Ni ile jumuiya ya wamisionari ya mwaka 1905, imebadilisha nguo tu.

Mfano wa karibu nasi ni Bell Pottinger, kampuni kubwa ya mahusiano na umma ya London. Mwaka 2016 ilichukua kazi ya kampuni ya familia ya Gupta, wafanyabiashara matajiri huko Afrika Kusini, kwa pauni 100,000 kwa mwezi. Kampeni yake ilichochea hasira za rangi katika nchi ambayo kidonda hicho bado kibichi, na akaunti bandia za Twitter zikawa zinasukuma maneno hayo. Barua pepe zikavuja. Septemba 2017 chama cha taaluma cha Uingereza kikaifukuza kwa miaka isiyopungua mitano, wateja wakakimbia, na mwezi huohuo kampuni ikaanguka. Ilikuwa na miaka 30. Barua pepe zilivuja mwaka 2017 kama barua za Kowalsky zilivyovuja mwaka 1906. Hapa kwetu, ambapo katibu ana binamu kwenye redio na dereva anaimba kwaya moja na mtu wa shirika la raia, siri ya namna hiyo inamaliza wiki ngapi?

Nafika kwenye bahasha. Najua mmekuwa mnanisubiri hapo.

Kongo nzima inajua coupage, pesa anayopewa mwandishi ili habari itoke. Mkutano na waandishi unaisha, sukré, yaani soda, zinanywewa, karatasi ya mahudhurio inazunguka, halafu afisa wa mawasiliano anasimama karibu na mlango akiwa na bahasha. Tunaita transport. Mwandishi wa habari anayefanya kazi redioni miezi bila mshahara, anayelipa basi kutoka Kasapa hadi mjini kwa mfuko wake, simhubirii mimi. Mwenye redio asiyemlipa ana dhambi kubwa kuliko yake. Lakini sisi tunaotoa bahasha hatuna njaa. Sisi tunajua kabisa tunanunua nini.

Na hata kwa hesabu ya biashara tu, tumenunua vibaya. Habari uliyoinunua wewe Jumatatu, jirani yako anainunua Jumanne kwa bei ya juu. Msikilizaji naye si mjinga. Mama anayeuza makayabo, samaki wa chumvi, pale soko la komini ya Kenya hapa mjini akisikia mtangazaji anaanza kwa kuwashukuru viongozi wa kampuni kwa moyo wao wa ukarimu, anajua habari hiyo imelipiwa, anapunguza sauti. Halafu siku mnayo habari ya kweli ya kumwambia, habari ya kuokoa watoto wake, mnaipitisha kwa sauti ileile aliyozoea kuipunguza.

Mbona, mtasema, bila bahasha hakuna mwandishi atakayekuja? Watakuja wachache, mwanzoni. Iko njia ya katikati ambayo nimeona inafanya kazi. Kama mnarudisha nauli, iandikeni kwenye barua ya mwaliko, kiasi kimoja kwa wote, ilipwe kwa chombo cha habari dhidi ya risiti, na ilipwe hata kama habari haikutoka, hata kama ilitoka ikiwa kali. Mkitaka kusifiwa, nunueni nafasi ya tangazo, na isemwe wazi mwanzoni na mwishoni kwamba ni tangazo lililolipiwa na fulani. Na yule anayewapigia simu usiku kwamba ana habari mbaya juu yenu na mnaweza kuongea, mjibuni kwa maandishi, mmpe ukweli wenu, mmwombe autumie. Asipoutumia, sheria inawapa haki ya kujibu. Mkimlipa mara moja mmejiandikisha kwenye daftari lake.

Wanafunzi, hili andikeni: ombeni kwa wakuu wenu kanuni hii kabla hamjaingia kazini, siyo baada. Ukishatoa bahasha ya kwanza, wa pili atakayekuja kudai ana haki ya kukushangaa.

Sasa tuseme juu ya ajali, kwa kuwa katika migodi hatuulizi kama itatokea. Chukueni mfano niliouunda mwenyewe. Usiku, ukuta wa bwawa la maji ya kiwanda unavunjika, maji ya asidi yanaingia kwenye mto mdogo unaopita katikati ya kartiye, mtaa wa watu. Alfajiri kuna samaki waliokufa na vijana wameshapiga picha. Saa nne asubuhi kampuni inatoa komunike, yaani tamko, kwa Kifaransa, kwenye karatasi yenye nembo. Inasema kwamba tukio dogo la kiufundi limetokea, kwamba hali imedhibitiwa, kwamba timu zilizobobea ziko kazini, na kwamba usalama wa jamii ni kipaumbele cha kudumu. Imetiwa saini na Kurugenzi ya Mawasiliano.

Isomeni kwa macho ya mtu mwenye mtoto anayeoga mtoni. Hajui atumie maji au asitumie. Hajui maji hayo yana nini. Hata mtu wa kumwuliza hana, maana Kurugenzi haina uso. Kitu pekee alichokipata ni neno kwamba hali imedhibitiwa, na anaona kwa macho yake kwamba haijadhibitiwa. Kuanzia hapo hata mkisema leo ni Jumatano ataangalia kalenda.

Sasa sikilizeni hii, kwa Kiswahili, kwa redio za mtaa, kwa gari lenye spika, kabla ya saa moja asubuhi:

"Mimi ni fulani, msemaji wa kampuni fulani. Usiku huu ukuta wa bwawa letu umevunjika upande wa mto. Maji yaliyotoka yana asidi. Msichote maji ya mto, msioge, msifue, msinyweshe wanyama, msile samaki wake, mpaka tuwaambie. Maji safi yatagawanywa penye soko kuanzia saa sita mchana, bure. Mtu aliyeguswa na maji hayo ajioshe kwa maji mengi safi na aende hospitali. Matibabu tutalipa sisi. Bado hatujajua ni maji kiasi gani yametoka. Bado hatujajua kwa nini ukuta umevunjika. Nitasema tena leo kabla ya jua kuzama, hata kama sitakuwa na jipya."

Ni maneno yasiyofika dakika moja. Ndani yake kuna kilichotokea, cha kufanya, kisichojulikana, na lini tutasema tena. Hilo la tatu ndilo wakuu hulikata. Wanaona aibu kampuni yenye mainjinia kusema haijui. Lakini ukitoa hesabu saa mbili halafu ukaibadilisha saa nane, umeonekana mwongo. Ukisema hujui saa mbili halafu ukaleta hesabu saa nane, umetimiza ahadi.

Wakili naye atakuja. Wakili ataomba mfute ukuta umevunjika, kwa hofu kwamba mmekiri kosa. Msigombane naye, ana kazi yake. Mwonyesheni kwamba hakuna neno lililosema nani mkosaji. Ukuta kuvunjika ni jambo ambalo kartiye nzima imeliona. Kulificha hakuwakingi mbele ya hakimu, kunawaongezea shtaka. Hayo mazungumzo na wakili, kwa hisani yenu, yafanyeni mwezi huu, mkiwa mmekaa kwenye viti na kahawa. Usiku wa ajali hakuna atakayekuwa na masikio.

Na msitoe hesabu ya marehemu ambayo hamkuihakikisha, wala msiipunguze. Mji huu una kumbukumbu. Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliogoma walipigwa risasi kwenye uwanja wa mpira hapa hapa. Wenye amri walitoa hesabu yao. Imepita miaka zaidi ya 80 na bado familia za hapa zina hesabu nyingine, kubwa zaidi. Baadaye, mwaka 1957, kampuni ilianzisha jarida lake la wafanyakazi, Mwana Shaba, na wazee wengi hapa walijifunza kulisoma wakiwa watoto. Lilikuwa kazi safi ya taaluma, nalisema kwa heshima. Lakini jarida zuri halikuweza kuwa jibu la uwanja ule.

Ukweli wa siku ya ajali unategemea mlivyoishi na watu kabla yake. Ushahidi mzuri wa hili uko kwa ndugu zetu wa Kivu ya Kaskazini. Ebola ilitangazwa huko tarehe 1 Agosti 2018, ikatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu 2,287. Chanjo ilikuwepo. Fedha zilikuwepo. Septemba 2018 watafiti waliwauliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo: zaidi ya robo walisema hakuna Ebola, na chini ya theluthi waliwaamini viongozi wa hapo kwamba wanawatakia mema. Wasioamini walikuwa wazito pia kukubali chanjo na matibabu. Wengine kutoka mbali walisema ni ujinga. Fikirini: ni watu waliokuwa wakichinjwa miaka mingi bila msafara wa magari meupe ya mashirika ya misaada kuonekana. Ghafla magari yanajaa, kwa ugonjwa mmoja. Mtu mwenye akili zake lazima ajiulize. Halafu Desemba 2018, siku chache kabla ya uchaguzi, tume ya uchaguzi ikaahirisha kura za Beni na Butembo hadi Machi, ikitaja Ebola na usalama, wakati rais angeapishwa Januari. Kesho yake waandamanaji walivamia kituo cha Ebola mjini Beni. Hakuna bango wala wimbo wa redio ambao ungeweza kufuta hilo. Neno lilikuwa moja, kitendo kilikuwa kingine.

Kilichosaidia pale kiliposaidia kilikuwa cha polepole: wauguzi wa hapo hapo, wakasisi na wachungaji, wanawake wa masoko, waliopona wakisimama kueleza. Na lugha. Mabango ya kwanza yalikuja kwa Kifaransa na kwa Kiswahili cha vitabuni, watu wakayaangalia kama mnavyoangalia noti ya nchi nyingine. Nanyi wa Katanga wenzangu mnacheka, lakini makampuni yetu yanafanya vilevile. Ripoti ya mazingira inachapwa vizuri, kwa Kiingereza, kwa ajili ya wenye hisa wa Toronto, Hong Kong au London. Kijiji kilicho mita chache kutoka kwenye uzio kinapewa kalenda na kofia. Mjue tu kwamba kijana wa Fungurume, mji wa migodi, ana simu. Anaisoma ripoti ya London, anailinganisha na kisima chake.

Hapo nimefika kwenye kazi yetu ya ndani, ile ambayo haionekani na ambayo naiona ndiyo kubwa. Nitatoa mfano mmoja, wa zawadi.

Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inazitaka kampuni zinazochimba zitenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka. Juu ya hapo kuna cahier des charges, mapatano yanayoandikwa na kutiwa saini na jamii hizo: kisima hapa, shule pale, barabara hadi kule. Hizo ni ahadi zilizofungwa kisheria. Sasa shule imekwisha, tunafungua. Mahema yamefika, viti vya plastiki, shefu wa kimila mbele, akina mama wameshonewa kikwembe, yaani kitenge, chenye nembo. Afisa wa mawasiliano ameambiwa aandike hotuba, na katika hotuba shule imekuwa zawadi ya kampuni kwa wananchi, kwa upendo. Wananchi wanapiga makofi.

Lakini yule mwalimu aliyekaa nyuma alikuwepo siku ya kusaini. Anajua ni deni, na linalipwa likiwa limechelewa. Akisema, mnamwita mkorofi. Asiposema, anawaeleza wengine jioni, na tangu hapo kila mkifungua kitu watu wanauliza, hii nayo ni deni au ni zawadi? Andikeni ukweli, maana unapendeza kuliko uongo: "Mwaka fulani tuliandikiana madarasa sita na visima viwili. Leo tunakabidhi madarasa sita na kisima kimoja. Kisima cha pili kimechelewa kwa sababu hizi, tutakimaliza mwezi huu." Nendeni na karatasi ya mapatano, iwe imetafsiriwa, ibandikwe kwenye ukuta wa shule. Na ile asilimia 15 ya mrabaha, malipo ya kampuni kwa madini inayouza, ambayo sheria inaipeleka kwa komini, sekta na chefferie, yaani serikali za mitaa, chapisheni mmelipa kiasi gani na lini. Mikataba yenyewe tangu amri ya mwaka 2011 inatakiwa kuchapishwa, na ITIE, mpango wa uwazi wa mapato ya madini na mafuta, inakusanya hesabu za malipo. Mkiyachapisha wenyewe, angalau yanatoka na maelezo.

Mkuu wako atakataa, mara ya kwanza. Ndiyo maana nasema kazi kubwa iko ndani. Msemaji anayeitwa wakati kila kitu kimeamuliwa, akapewa karatasi aisome, huyo ni spika tu. Ombeni kiti kwenye kikao kabla ya uamuzi. Na mkikipata, pelekeni pale yale mliyoyasikia kijijini, kwa maneno ya kijiji, bila kuyalainisha. Mkuu anayesikia kila wiki kwamba jamii imefurahi atashangaa siku barabara inafungwa kwa matairi yanayowaka, na atakuuliza wewe kwa nini hukumwambia. Wekeni daftari la malalamiko: nani alilalamika, lini, tulijibu nini, lini. Anayeleta malalamiko apewe karatasi yenye namba. Ni kazi ya kuchosha, haina picha, na inazuia ghasia kuliko filamu yoyote ya matangazo.

Juu ya picha nitapita haraka. Mtoto aliyebeba ndoo, mwanamke anayelia, mchimbaji mwenye vumbi usoni: ombeni ruhusa kwa lugha anayoielewa, mwambieni itaonekana wapi, na akikataa iacheni. Picha iliyotengenezwa kwa akili bandia ikionyesha wanakijiji wanaotabasamu mbele ya zahanati isiyojengwa ni uongo kamili, hata kama zahanati iko kwenye mpango. Ikiwa ni mchoro wa kitakachojengwa, iandikwe juu yake.

Mtaniuliza juu ya kanuni za taaluma. Zipo tangu Kanuni ya Athens ya mwaka 1965, iliyoandikwa na Mfaransa Lucien Matrat, na zinasema mambo mazuri. Lakini Bell Pottinger ilikuwa mwanachama wa chama chenye kanuni. Kanuni inafanya kazi pale ambapo kuna mtu mmoja ofisini anayeweza kusema "hili sitii saini" na bado akapata mshahara mwisho wa mwezi. Basi tusaidiane. Chama chetu cha hapa, tukikiunda, kisiwe cha karamu na fulana. Kiwe na mfuko wa kumshika mkono mwenzetu aliyefukuzwa kwa kukataa kutuma komunike ya uongo, na orodha ya wazi ya mashirika yaliyokubali ile kanuni ya nauli niliyoitaja. Karatasi ya kujiandikisha iko pale mezani, na ina nafasi ya jina, kazi, na anayekulipa.

Sasa maswali. Waandishi wa habari mlioketi nyuma, anzeni ninyi. Na la bahasha mniulize bila kunionea haya, kwa sababu leo mlangoni hamtaikuta.